Komeo la jikoni juu

Kadija, nimechoka. Usinipigie, soma tu.

Ile kazi niliyowapa Fomu Tatu unaikumbuka? Wasome ile riwaya fupi ya kutisha ya Kizungu, watazame na filamu yake, kisha hadithi waihamishie Lamu ya 1912. Insha arobaini. Thelathini na tisa wamenakili filamu, mizuka mpaka ukumbini.

Mmoja tu, Rahima, hakuweka mzuka. Aliandika juu ya mpishi, Ummu, katika nyumba moja ya mtaa wa Mkomani. Watu wa chini wanasikia nyayo, wanasema ni jini. Kumbe ni Ummu, kafungiwa jikoni juu miaka mitano asijue kuwa utumwa umekwisha.

Nikamwandikia kwa wino mwekundu: "Haiaminiki. Watumwa waliachwa huru 1907." Nne kwa ishirini.

NNE, Kadija.

Leo nyanyake kaja shuleni na ile karatasi. Bi Barka, na mkongojo wake. Nikajua kaja kunigombeza kwa ajili ya alama.

Akasema, pole pole kabisa: "Ummu ni nyanya yangu mzaa mama. Sikuja kwa alama, mwalimu. Nimekuja kukuuliza, lile komeo la jikoni kwenu bado liko kwa nje?"

Kwenu. Alisema kwenu.

 

Nimefika nyumbani, nimepanda juu hata buibui sijavua.

Liko kwa nje. Ni lile lile ambalo kila Ramadhani ikikaribia mama hunituma nilitie mafuta, lisishike kutu.