Moshi wa Baba, Kifua cha Mama

Jumatatu, 3 Machi
Kliniki tena. Mama amepuliza kile kipimo cha pumzi mara tatu, akaishia kushika meza. Daktari akamuuliza kama anavuta sigara. Hapana. Aliwahi? Hata siku moja! Nyumbani je, kuna anayevuta? Mama akanitupia jicho, kisha: "Ni vumbi la vitambaa, daktari. Mimi fundi cherehani."

Nikamjibu daktari mimi: ni Baba. Pakiti kwa siku, sebuleni, miaka ishirini na nane.

Ugonjwa sugu wa mapafu. Yaliyoharibika hayarudi, kasema daktari, yalindwe yaliyobaki. Njia nzima Mama hakunisemesha. Eti nimemwaibisha mumewe!

Jumanne, 4 Machi
Nimemkabili Baba. Hakukasirika — afadhali angekasirika. Kaniita "daktari wangu", kacheka, kakohoa. Mbona yeye mvutaji hajambo? Halafu, kwa sauti ya chini, kauliza kama Mama anaumia. Tumekubaliana: atavutia dirishani, moshi utoke nje. Wazo langu. Nimelala kama mshindi.

Ijumaa, 7 Machi
Mjinga mimi!

Dirisha la sebuleni ni moja tu. Ndipo ilipo cherehani ya Mama, kwa ajili ya mwanga. Baba anaegemea pale, anapuliza nje kwa adabu zote, upepo unamrudishia Mama usoni. Siku tatu nzima! Na cheti changu cha chuo kinaning'inia ukutani, kinatazama.

Nikamuuliza Mama mbona hakusema. "Mlishafurahi, mwanangu. Ningeanzia wapi?"

Jumapili, 9 Machi
Baba amehamia kibarazani. Kiti, kiberiti, kopo la majivu. Sikulazimika hata kupaza sauti.

Sebule inanukia kitambaa kipya. Na kimya! Sikujua kwamba zile soga zote — mabomba aliyozibua Baba kazini, wateja waliomkaripia, Mama akicheka na pini mdomoni — zilikuwa zikienda na sigara. Leo Mama ameshonea mkono wa shati kinyume. Yeye! Ameufumua, akaanza upya.

Jumatano, 12 Machi
Mama amekunywa chai peke yake. Mimi nilikuwepo, lakini sihesabiki.

Alhamisi, 13 Machi
Nimerudi kutoka kazini saa kumi. Cherehani imefunikwa, Mama hayupo.

Yuko kibarazani! Amekiburuta kiti chake mwenyewe, hatua tisa, na njiani kapumzika mara mbili — ananisimulia kwa majivuno. Kaketi ubavuni mwa Baba, anashona vifungo kwa mkono, kifua kinapiga filimbi.

"Mama, mapafu!"

"Mapafu yamechoka, nimesikia. Na masikio yangu je? Yamechoka na kimya chako."

Kimya changu!

Baba ana sigara mdomoni, haijawaka. Anamwambia aingie ndani, mama watoto, kuna upepo. Haingii. Basi asogee kule. Hasogei. Baba ananitazama mimi, kana kwamba funguo za nyumba hii ninazo mimi. Nimekaa kizingitini, daftari magotini, naandika.

Baba anaendelea na kisa cha mteja aliyefungia bomba ukutani. Njiti ameshaichomoa. Anaigeuzageuza vidoleni, hajaiwasha, na kisa kimemkatikia katikati.

Mama amekata uzi kwa meno. Hamtazami.

"Ehe," anasema, "halafu?"