Kiti cha Mama Hakiendi Mnadani

Nyumbani,
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa mdogo wangu,

Pokea salamu zetu nyingi. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe, wifi yangu na mwanenu Kibonge, na kwamba kile kikohozi cha baridi kimekuachia. Sisi hatujambo. Mama anakula, analala, na nyonga inamruhusu kufika getini na kurudi. Presha yangu nayo ilikuwa imetulia, mpaka Alhamisi ulipotutumia yule mthamini wako wa magari ya kale.

Ningekupigia simu, lakini kwenye simu wewe hukatiza watu maneno. Humu utanisikiliza mpaka mwisho.

Simsingizii yule bwana, kazi yake anaijua. Alikuja na sumaku iliyofungwa kitambaa, akaipitisha taratibu kwenye milango yote ya gari la baba akitafuta mahali palipozibwa kwa puti. Hakupata. Akalala chini na suti yake kusoma namba ya chesisi, akailinganisha na ya injini, akatabasamu. Akainua zulia la buti, akakuta rangi ya kiwandani ambayo jua halijawahi kuigusa. Nikajisemea, marehemu baba angekuwepo angemletea chai kwa mkono wake.

Kisha akafungua mlango wa abiria, na uso ukamshuka.

Wewe kiti hicho hukijui, maana ulikwishaondoka mama alipoanguka bafuni akavunjika nyonga. Baada ya pale hakuweza tena kuinama aingie kwenye gari lolote. Kwenye teksi tulimpakia kama gunia, mmoja kichwani mmoja miguuni, majirani wanatazama. Akasema basi, hospitali kwenye mazoezi haendi tena, heri alale. Tulimbembeleza wote, hakutaka kusikia.

Baba hakubishana naye. Baba yule yule aliyetugombeza tukibamiza mlango wa gari lake, alichukua drili akatoboa sakafu, akachomelea kiti juu ya beringi kubwa ili kigeuke kitazame nje. Mama akakaa bila kuinama, baba akamgeuza polepole mpaka miguu ikaingia. Jumatatu wakaenda hospitali, mama kajipaka poda.

Sasa mthamini wako akayainamia yale matundu, akatikisa kichwa. Akasema gari zima ni la asili isipokuwa huo uharibifu. Kiti king'olewe, sakafu izibwe, kitafutwe kiti cha kiwandani, na bei mnadani itakaribia kuwa mara mbili. Uharibifu! Nilishika kiuno.

Mama alikuwa barazani anasikia kila kitu. Akaja na mkongojo wake, akakaa kitini, akajigeuza ndani, akafunga mkanda. Yule bwana akamwomba kwa adabu ashuke, apate kupiga picha.

"Piga tu, mwanangu," mama akamjibu. "Na mimi uniandike humo humo. Nimo tangu likiwa jipya."

Nilicheka mpaka machozi. Kicheko kikaniishia jioni, ulipotuma ujumbe wako: toeni hicho kiti upesi, gari limekaa bure. Nani kakwambia limekaa bure? Kila Jumatatu naliendesha mimi, mama pembeni, anasalimia barabara nzima kama mgombea ubunge. Ukimwondolea kiti hicho umemfungia ndani. Hukuuliza hata mara moja anasafiri vipi. Uliuliza bei.

Na hiyo asili yenu inanitia kichefuchefu. Mama mwenyewe ana chuma nyongani. Naye tumpasue, tumtafutie mfupa wa kiwandani? Nimekasirika, mdogo wangu, na zaidi ya kukasirika nimeumia, kwa sababu kile kiti ndicho kitu cha mwisho baba alichokitengeneza kwa mikono yake.

Nisalimie sana wifi yangu. Kibonge mwambie shangazi yake hajamkasirikia yeye. Shangazi yetu na mjomba wanakusalimu; mjomba anasema angekuandikia mwenyewe, ila maneno aliyonayo hayafai kuandikwa.

Ukija likizo, tutakuja kukupokea kiwanja cha ndege na gari hilo hilo. Nitafungua mlango, na mama atageuka na kiti chake mpaka mtazamane uso kwa uso. Msalimie, mshike mikono, msizungumze mambo ya bei. Mkimaliza, kama bado unataka kiti kitoke, spana iko kwenye buti. Mwombe ashuke.

Mungu akulinde na akulainishe moyo.

Wako akupendaye hata akiwa na hasira,
Dada yako.