Somo Lisilojua Kunyamaza

Kalume,

Sikuandikii kwa kukulilia. Tulikulilia vya kutosha, na udongo wa kaburi lako niliutupa kwa mikono yangu. Leo ninakuandikia kwa sababu nimetoka shule ya Wamaza na hasira, na mutu wa kugombana naye ni wewe.

Nimeyaona masomo yako. Yale ya hesabu, uliyojirekodi kwa ajili ya tableti za shule za Kabambare, ambayo huku Kasongo tuliyasifu mpaka direkta wa shule yetu akataka kukuandalia karamu. Nilikwenda na pikipiki kutwa nzima, tope mpaka magotini, nikayakuta darasani. Watoto hamsini na wane, tableti sita. Ulikuwa mwalimu wa hesabu, gawanya mwenyewe: watoto tisa kwa kioo kimoja. Nawe ulipiga picha tablo lako lote, kona hadi kona, vile tunavyolijaza chaki kila asubuhi. Kwenye kioo cha ukubwa wa sahani namba zako zimekuwa sisimizi. Na darasa lile halina ukuta upande mmoja. Jua likipiga, hata sisimizi hawaonekani.

Hilo ningekusamehe. Lisilosameheka ni sauti.

Unakumbuka ulivyokuwa unafundisha? Unauliza, "Saba mara nane?" Kisha unaweka chaki nyuma ya sikio na kuangalia dirishani, kama mutu anayengoja pikipiki. Hukumkazia macho mutoto yeyote. Hata yule mzito wa benchi la nyuma alipata nafasi yake. Halafu darasa zima likaitikia, na mimi, na darasa langu upande wa pili wa ukuta, nikajua umefika wapi.

Mbele ya mashine ulikuwa peke yako. Hakuna aliyekuitikia, ukaona aibu ya kunyamaza. Ukauliza na kujibu mwenyewe, kwa pumzi moja. Nimepima, Kalume. Kati ya swali na jibu, sekunde moja. Maswali ishirini na sita, na hukumwachia mutoto hata moja!

Wale wa Wamaza wamezoea kuitikia, wakaitikia. Walipofungua kinywa kusema hamsini na sita, wewe ulikwisha kufika tisa mara sita. Na tableti hazikuanzishwa pamoja, kwa hiyo mulikuwa akina Kalume sita, kila mmoja akimkatiza mwenzake. Watoto wakakukimbiza, wakachoka, wakanyamaza. Msichana mmoja akamwambia mwalimu wake, "Mwalimu, huyu baba iko nasema na watu wengine."

Na nilikuambia. Nilikuambia mbele ya direkta: somo la mashine linapangwa kabla ya kurekodiwa. Nani ataangalia, wangapi, wamekaa wapi, watajibu saa gani. Mashine haioni mutoto amekunja uso. Ni wewe wa kumwona mapema, kabla hujaanza kusema. Mukacheka wote, nawe ukasema, "Ramazani, ualimu si cherehani, kila kitu unataka kupima!" Mimi niliyejifunza kukata video kwenye telefone iliyopasuka kioo, bila mutu wa kunielekeza, nikachekwa na chumba kizima. Leo chumba kile kile kinaniita fundi. Hasira nimebaki nayo, na wewe hupo wa kuipokea. Hiyo nayo ni tabia yako, kuondoka kabla ya jibu.

Komite ya wazazi wa Wamaza imesema wazi: watoto wakianguka tena mutihani wa muhula huu, tableti zirudi Kasongo, na pano ya jua inayozipa umeme iende kuchaji telefone sokoni. Siwezi kubishana nao. Mwalimu pale ni mmoja kwa madarasa matatu. Tableti zikiondoka, hesabu imeondoka nazo.

Nikaenda kwa mke wako kumwambia nataka kuyakata masomo. Akasimama mulangoni, hakunipisha.

"Shemeji, ile sauti ndiyo imenibakia. Unataka kuichinja?"

Nikamwambia sitaondoa neno lako hata moja, nitaongeza tu. Akanipisha. "Basi fanya mbele yangu."

Nimefanya, juu ya meza yenu, naye amekaa pembeni anatoa maharage katika maganda. Namba nimeziandika upya, moja moja kwa kioo, nene, nyeusi juu ya nyeupe. Tableti moja tu ndiyo itasema, nyingine zianzishwe nayo pamoja, zionyeshe bila sauti. Na baada ya kila swali lako nimeweka ukimya, mrefu wa kumtosha yule wa benchi la nyuma. Nimekufundisha kunyamaza, Kalume, wewe uliyenifundisha mimi ualimu.

Tumerudi Wamaza pamoja, mke wako nyuma ya pikipiki. Ukauliza, "Saba mara nane?" Ukanyamaza. Chaki haipo, dirisha halipo, lakini nilikuona ukiangalia nje. Watoto wakatazamana. Halafu wote kwa sauti moja, hamsini na sita! Nawe ukasema, "Hamsini na sita," kama mutu aliyewasikia. Mke wako akajifunika uso kwa kitenge.

Usidhani nimekusamehe. Mutihani bado, na masomo yako mengine yamejaa kwenye telefone yangu. Kila moja nitakugombeza nalo. Lakini nakuahidi hili: hakuna litakalotoka mikononi mwangu bila nafasi ya mutoto kujibu.

Lala, ndugu yangu. Ulisema sana. Sasa wasikilize.

Ramazani