Samaki wa Mke Wangu Kagoma Kula, na Ulimi Wangu Hauna Kosa

Mshauri mpendwa, naomba uniokoe kabla sijaaibika, na kama umenizidi umri basi shikamoo, ingawa kwa jinsi unavyogombeza watu gazetini nahisi wewe ni binti mdogo aliyelelewa na bibi mkali.

Mimi ni mpishi mstaafu, nilipikia bweni la chuo kwenye masufuria ya kuingia mtu mzima, na nyumbani bado napika mimi, jiko sijamwachia mtu, ila shule tuliachana mapema bila ugomvi, kwa hiyo mwandiko uuvumilie. Kitinda mimba wetu ni muuguzi, kahamishwa kikazi, akatuachia sebuleni tangi la kioo la maji ya chumvi, lina mawe, lina kipampu kinachokoroma kunishinda, na samaki mmoja wa rangi ya chungwa mwenye mistari myeupe, mkubwa kama kidole gumba. Akaniambia, "Baba, usijaze samaki humo, na chumvi upime na hiki," akanipa kiplastiki chenye mshale na alama ya kipimo, nami nikakitupia kwenye droo pamoja na betri zilizokufa, maana mtu aliyetia chumvi chakula cha bweni zima maisha yake yote, leo akasahihishwe na kiplastiki? Ulimi huu ndio uliowasomesha wanangu.

Sasa sikiliza. Tangu binti aondoke, mama watoto alikuwa akimaliza kula anaingia chumbani na redio yake, mimi nabaki sebuleni nabishana na televisheni, lakini alipoanza kumtazama yule samaki kavuta kiti, halafu kaleta na ufumaji wake, akampa na jina, Bwana Mdogo, nikamwambia humu ndani bwana alikuwa mmoja, akasema, "Huyu walau hakoromi, na sogea, unaniziba." Nikasogea. Tukawa tunakaa pale kila jioni bega kwa bega kama wachumba waliokwenda kupigwa picha, nami, mshauri, sijawahi kufurahi hivyo tangu posa yangu ilipokubaliwa.

Nikaingiwa na kiherehere. Nikasema bwana huyu mpweke, nikaenda kwa muuza samaki wa mapambo, akaniambia, "Mzee, chukua mmoja kwanza, umwangalie," mimi nikachukua wa bluu, wa njano na konokono wanne, nikawamimina wote mchana ule ule. Na maji yakipungua, maana yanapungua kila siku sijui anakunywa nani, najaza ndoo, natia chumvi ya samaki aliyotuachia binti, naonja kwa kidole, nikiona imepooza naongeza, ndipo namwaga tangini. Wa bluu kafa, wa njano kamfuata, nikawatoa mama akiwa sokoni, nikamwambia nimewarudisha dukani kwa kuwa walikuwa wanamwonea Bwana Mdogo. Konokono hawatembei, lakini konokono hata akiwa mzima hana haraka, kwa hiyo hao bado sijawahukumu.

Sasa Bwana Mdogo mwenyewe kagoma kula, kajibanza kwenye kona juu kabisa, anahema kama mlevi aliyepanda ngazi. Mke wangu kaniuliza, "Umemfanya nini?" Nikasema, "Anamkumbuka binti." Hapo nilikosea dawa, maana na yeye anamkumbuka, akalia, na siku hizi mezani kila tonge analishushia maji, jagi halibanduki mkononi, nadhani kakaa na samaki mpaka naye kawa samaki. Jana karudisha kiti chake chumbani. Kasema hawezi kumtazama akifa.

Maswali yangu ni mawili. Ulimi wangu hauna kosa, basi samaki anaumwa nini? Na pale dukani nimeona mwingine anayefanana naye mstari kwa mstari. Huyu akifa, nikimweka yule kimyakimya, mama atajua?

Ni mimi, Mpishi Asiyestaafu Mwiko.

MSHAURI ANAJIBU

Mzee wangu, shikamoo, na hiyo ndiyo heshima ya mwisho utakayopata leo.

Samaki wako anaumwa chumvi. Wewe mpishi mzima, mchuzi ukiusahau motoni ukapungua, huwa unaongeza nini, maji au chumvi? Basi tangi nalo ni mchuzi. Maji yanapanda hewani yanakwenda zake, chumvi haina mabawa, inabaki mle mle, na wewe unakuja na ndoo yenye chumvi nyingine. Unamkausha Bwana Mdogo angali hai. Juu ya hapo uliingiza wageni wote kwa siku moja, uchafu wao ukalizidi tangi, wakafa, na hao konokono unaowasubiri wahukumiwe wanaozea mle. Watoe leo. Unuse kwanza kama hunisadiki.

Kisha fungua droo. Mshale ukiwa umepita alama, na umepita, chota jagi moja la maji ya tangi umwage, rudishia jagi moja la maji matamu, nikimaanisha yasiyo na chumvi wala dawa ya bomba, si ya sukari, nakujua. Kesho tena, keshokutwa tena, polepole mpaka mshale ukae mahali pake. Ukishusha kwa pupa utamuua kwa mshtuko. Kipampu kielekeze juu kitikise uso wa maji apate hewa. Bandika kipande cha utepe kwenye kioo, na maji yakishuka chini ya utepe ongeza maji matamu peke yake. Chumvi ni kwa siku unayobadilisha maji, na inapimwa ndooni kwa kiplastiki, si kwa kidole ambacho sijui kilishika nini. Samaki mpya asiingie mpaka huyu ale kwa ulafi, na hapo aingie mmoja tu.

Swali la pili. Mwanamke aliyemtazama kiumbe kila jioni atamjua mgeni kabla hujavua viatu. Usithubutu. Mwite, mwambie wa bluu na wa njano walikufa mikononi mwako, na kwamba Bwana Mdogo halii kwa ajili ya binti yeyote. Umembebesha mkeo huzuni isiyo yake ili kuuficha ulimi wako. Kiplastiki mpe asome yeye, wewe ushike jagi. Atarudisha kiti. Samaki mgonjwa anayeuguzwa na watu wawili anatazamika; anayekufa kwa siri ndiye asiyetazamika.

Na sasa la tatu, ambalo hukuuliza. Mama hajageuka samaki. Anakunywa jagi zima mezani kwa sababu chakula chako, baba, kina chumvi ya kuhifadhia ngozi. Ulimi wako umestaafu zamani, ni wewe tu hukupewa barua. Yeye anajua. Anakula, anashushia, ananyamaza, maana anajua kumwambia mpishi neno hilo ni kumvua nguo hadharani.

Kwa hiyo jioni ya leo chumvi aitie yeye. Utaona chakula kimepooza kama maji ya kuoshea mchele. Kula mpaka sahani ing'ae, na unyamaze, kama alivyonyamaza yeye.