Kumi na Saba ya Zena

Kolwezi, 3 Juni 1981

Yaya Mulumba, mkubwa wangu,

Leo nimeapa kukuambia yote, hata yale ya kunitia haya. Jambo sana. Huku tuko wazima, ila Mama anakohoa vumbi la mgodi wa Mashamba. Wewe unakula vizuri huko Lubumbashi?

Karatasi ya matokeo ya mtihani, ya ordinateur, ile kompyuta ya kazini kwako, ilifika jana na lori ya Tata Abibu. Mwalimu Badibanga hakuamini kwamba programu niliiandika mimi, na wewe ukaitoboa tu kwenye kadi. Akaibandika karatasi mlangoni. Zena, binti ya Tata Abibu, amepita! Alinishika shingo kwa furaha: "Ngeleka, we mutu ya mashini, ulinipima na kilo ya wapi?" Baba yake alishasema: akianguka, masomo yamekwisha, anapelekwa Kasongo kwa nyanya yake.

Lakini siku ya mtihani wa hesabu Zena alikuwa na surua. Mahali pa alama yake niliacha wazi. Karatasi inasema 17 juu ya 20. Nilidhani pasipoandikwa kitu, mashini huweka sifuri. Hiyo 17 imetoka wapi? Sijamwambia mtu.

Mudogo yako,
Ngeleka

Lubumbashi, 9 Juni 1981

Mudogo wangu Ngeleka,

Mi niko muzima, ni kazi tu. Mama achemshe majani ya mpera, anywe.

Nimetazama kadi zako. Kosa ni letu sisi wawili. Uliandika: penye alama, isome, pasipo na alama, ruka. Lakini sanduku la alama, pale mashini inapoitunza namba, halijifuti. Usipolitia kitu, linabaki na cha mtu aliyetangulia. Tazama nani yuko juu ya Zena kwenye orodha. 17 ni yake. Na ile sifuri, mashini hii haikupi bure: lazima uiweke mwenyewe, kabla ya kila mwanafunzi. Nikubalie, nichape upya.

Yaya yako,
Mulumba

Kolwezi, 13 Juni 1981

Yaya wangu,

Salamu ni nyingi. Mama anakunywa majani, anakutukana kwa jinsi yalivyo machungu.

Juu ya Zena ni Tambwe. Kumi na saba ni yake kweli. Nikipiga hesabu kwa sifuri, Zena anaanguka. Nilimwambia yeye kwanza, pale bombani. "Mashini ilinyamaza," akasema, "na wewe ungenyamaza." Tangu hapo hajaniita.

Kisha nikamwambia Mwalimu. Akasema: "Sifuri nayo ni uongo. Huyu mutoto hakukosa. Hakupimwa."

Direkta wa shule amekubali Zena afanye mtihani tarehe 22. Lakini karatasi ya mashini yenyewe lazima ionyeshe kwamba bado hajapimwa. Kalamu juu yake hataki, Inspekta atauliza nani aliichezea. Bila karatasi hiyo, Zena ameanguka.

Barua hii anaibeba Tata Abibu, ambaye bado hajui lolote. Anarudi Ijumaa. Nijibu na lori hiyo hiyo, Yaya: ndani ya sanduku linalokubali namba tu, niandike nini ili mashini ijue kwamba mtu bado hajapimwa?

Mudogo yako,
Ngeleka