Maji Yako ya Vitamini

Mama Riziki,

Uliondoka mvua zikiwa bado zinanyesha. Sasa vumbi la malori ya mgodi limerudi kwenye madirisha na hakuna anayelifuta. Watoto wapo Lubumbashi. Wanapiga simu kuuliza kama nimekula. Nasema ndiyo, wanaridhika, tunakata.

Kinachonimaliza ni Jumamosi. Unakumbuka kiwanja chetu kilivyojaa bamama waliofuata maji yako ya uso? Mi nilikaa na redio yangu nikijidai sisikii, na kumbe habari zote za Kolwezi nilizipata pale: nani kaachwa, nani kaungua shavu kwa kremu ya kung'arisha. Tangu matanga yaishe hajaja hata mmoja. Basi nikawaza, nikiyatengeneza yale maji, watarudi.

Niliona ni kazi ndogo. Nilikutazama miaka mingi: maji yachemke, yapoe kabisa, ndipo utie unga wa vitamini C wa farmasi na matone ya gliserini, kisha chupa nyeusi. Ila chombo nilikichagua mwenyewe. Nilichukua kile kikombe cha shaba nilichopewa nilipostaafu mgodini, nikakisugua mpaka kikang'aa. Sisi watu wa huku tukitaka kukipa kitu heshima, tunakitia kwenye shaba. Asubuhi maji yalikuwa rangi ya chai. Nikamlaumu mwenye farmasi. Nikalaumu kisima. Nikatengeneza mengine, nayo yakageuka.

Halafu nikaona mabaki yaliyozidi kikombe, niliyoyasahau kwenye glasi. Maangavu kabisa. Unga ule ule, maji yale yale. Ni shaba iliyokuwa inayaharibu. Maisha yangu yote nimeichimba, na bado ilikuwa na jambo la kunificha. Ungekuwepo ungeniambia tu, bila hata kugeuka: "Tata Riziki, uso haiko mashini ya kutiliwa shaba."

Nikatengeneza upya kwenye glasi. Jumamosi iliyopita nikamwita jirani yetu, Mama Ngalula. Alijipaka kwanza mkononi, kama ulivyowazoesha, akangoja.

"Inachoma kidogo," akasema. "Iko ile ile ya marehemu."

Mama Riziki, nilifurahi kama mtoto. Nikamvutia kiti. Yeye akapokea chupa akiwa amesimama, macho yake kwenye mlango wa jikoni, kama mtu anayengoja utoke. Nikamwambia maji haya hayakai, yanabadilika upesi, arudi wiki ijayo achukue mapya.

"Usisumbuke, tata. Nitatuma mutoto."

Kumbe walikuwa wanakuja kwa ajili yako. Ungewapa hata maji ya bomba, wangekaa mpaka jioni.

Haya, pumzika, mke wangu. Sitaacha kutengeneza, nakuahidi. Na huyo mutoto akija, nitamwambia maji bado hayajapoa, aketi kwanza, anipe habari za kwao.

Wako,
Tata Riziki