Mafuta Yasiyotoka Jikoni

Jumatano, 7 Agosti 1996

Sijamwambia mtu: nimechana ukurasa wa jarida la maktaba. Mie, ninayewanunia wenzangu wakikunja pembe za vitabu! Nilikohoa kwa nguvu ili mlio usisikike. Sijutii. Au najuta kidogo.

Ni kwa ajili ya Bibi. Figo zake hazifanyi kazi. Jumatatu na Alhamisi damu yake inasafishwa kwa mashine hospitali. Majibu ya juzi: mafuta kwenye damu yamepanda tena. Shangazi Tunu kaamua kwamba Bibi anakula nazi kwa siri. Leo kamnusa vidole! Mama yake mzazi! Eti tui analificha wapi? Bibi akamwambia liko ndani ya kanga, apekue. Kisha akasema taratibu: akiitwa mwizi mara moja tena nyumbani kwake, kwenye mashine haendi.

Bila mashine atakufa. Shangazi anajua.

Na mpishi wake ni mie. Tangu Juni sijamtilia nazi hata kijiko. Kila mlo nimeuandika.

Alhamisi, 8 Agosti

Nimeusoma ukurasa mara nne, kamusi pembeni. Damu ikipita kwenye mipira ya mashine hutiwa dawa isigande. Dawa hiyo, heparini ya kawaida, ikitumika muda mrefu huenda inaupunguzia mwili nguvu ya kuyeyusha mafuta. Ipo heparini ya aina nyingine. Baadhi ya wagonjwa waliobadilishiwa, mafuta yao yalishuka. "Huenda." "Baadhi." Nimeyapigia mstari maneno hayo pia, nisijidanganye.

Nimemuuliza nesi Bibi anapewa ipi. Akajibu: ya kawaida — kwani kuna nyingine?

Nikamweleza Shangazi. Akacheka: kidato cha tatu, tayari daktari! Nikakunja ukurasa, nikarudi jikoni. Kama kawaida yangu.

Ijumaa, 9 Agosti

Shangazi kaifungia mbuzi ya nazi chumbani kwake. Bibi hajala.

Jumatatu, 12 Agosti

Shangazi kamwita mwizi asubuhi. Bibi kavua baibui, kapanda kitandani. "Nendeni nyie mkasafishwe!"

Nimekwenda peke yangu. Dokta Wilbert, anayemtibu Bibi, alikuwa koridoni. Shikamoo yangu haikutoka mara ya kwanza. Akauliza Bibi yuko wapi, mashine inamsubiri. Nikasema haji, anaitwa mwizi wa nazi. Nikampa ukurasa na daftari la milo.

Alisoma amesimama. Inawezekana, akasema. Lakini aina hiyo hatuna hapa, na ugonjwa wa figo wenyewe hupandisha mafuta.

"Basi andika hivyo, daktari. Andika kwamba si lazima iwe nazi."

Akatazama saa. Sikuondoka. Mie! Akaandika mistari mitatu, akagonga muhuri. Nafasi ya Bibi wataishikilia mpaka saa nane, kisha anapewa mwingine.

Nimerudi mbio. Barua sikumpa Bibi, nimempa Shangazi. Nimemwambia aisome kwa sauti, mbele ya Bibi. Kasema tutazungumza kesho, anataka kutoka.

Nimefunga mlango wa chumba cha Bibi, tuko ndani wote watatu. Nimekaa chini, mgongo mlangoni, naandika. Saa saba na robo. Bibi kaugeukia ukuta. Shangazi ameishika barua. Anasema nimekosa adabu.

Nimemjibu: ndiyo, Shangazi. Soma.